Makoti Mabovu Yaliyonifundisha Biashara

Watu wakisikia kwamba niliacha ukurugenzi kwenye kampuni ya simu Dar es Salaam nikarudi Mbeya kushona makoti, huuliza maswali mawili. La kwanza: ulifukuzwa? La pili: umeokoka? Sikufukuzwa, na kuokoka nilishaokoka tangu niko sekondari. Nilikuwa na akiba, watoto walishajitegemea, na kuna jambo nililiona nikiwa kijana ambalo halikuwahi kunitoka kichwani.

Nilianzia kwenye minara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni za simu zilikuwa zinakimbizana kufika mikoani. Mobitel ilikuwepo tangu miaka ya tisini, Vodacom ikaingia 2000, Celtel 2001, na kila mmoja alitaka mnara wake uwe kilimani kabla ya mwenzake. Mimi nilikuwa injinia mgeni kazini, nikapangiwa Nyanda za Juu Kusini kwa sababu ambayo bosi wangu wala hakuificha: jina langu la ukoo linaanza na Mwa-, kama mengi ya huku, akaona baridi nitaivumilia. Kazi yangu ilikuwa kusimamia mafundi wanaopanda minara, kuanzia Loleza hapa juu ya mji hadi Makete na Njombe.

Baridi ya kule haiulizi jina la ukoo. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na kitu kila unapopanda mita 1,000. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo umepita mita 2,600. Mtu ametoka Mwanjelwa, sokoni hapa mjini, asubuhi na sweta lake, anajiona kavaa. Akishuka kwenye gari kule juu anakuta nyuzi 5 au 6 hazipo, na hapo upepo bado hajauhesabu. Kipupwe kikikolea, mwezi wa sita na wa saba, umande unaganda kwenye majani na kukanyaga kwako kunasikika.

Mafundi walivaa makoti ya mitumba, makoti mazuri tu ya Ulaya na Marekani, lakini hayakushonwa kwa kazi yao. Mkanda wa usalama unapita mabegani, kifuani, kiunoni na mapajani. Ukishaufunga, mifuko yote ya pembeni imefungwa nao, na plaizi au simu iliyomo humo huipati mpaka ushuke. Fundi akinyoosha mikono kushika ngazi, koti linapanda, kiuno kinabaki wazi kwenye upepo. Mmoja wao alikuwa ameongeza kipande cha blanketi kwenye pindo la nyuma ili lishuke mpaka makalioni, na juu kifuani, mahali mkanda haufiki, akashonea mfuko alioukata kwenye suruali ya jinzi. Kashona kwa mkono, kwa uzi wa viatu. Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema, "Nani tena, dada injinia? Si baridi."

Miaka iliyofuata naipita haraka kwa sababu haina mengi ya kusimulia. Mwaka 2008 pesa kwa simu zikaanza, mwaka uliofuata mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar, na kazi yetu ikahama kutoka vilimani kwenda kwenye vyumba vya seva. Nikapanda cheo, nikawa na ofisi yenye kiyoyozi kikali kiasi kwamba nilivaa koti Dar es Salaam mchana wa Januari. Mikutano, bajeti, safari, mikutano.

Nilipoanza kuliwaza jambo la makoti kwa dhati nikasoma habari za waliotangulia. Yvon Chouinard, mwanzilishi wa Patagonia, kampuni ya nguo za kupandia milima, alianza kama mhunzi anayefua vyuma vya kupandia miamba. Bob Gore, mwaka 1969, alivuta kwa ghafla kipande cha plastiki iitwayo PTFE kilichopashwa moto. Badala ya kukatika kikatanuka, na humo likapatikana tabaka lenye vitundu vidogo mno, tone la maji haliingii lakini mvuke wa jasho unatoka. Ndiyo Gore-Tex hiyo, inayotiwa kwenye makoti ya mvua. Davis Smith alikuwa kwenye biashara ya mtandaoni Brazil kabla ya kuanzisha Cotopaxi, nayo ya nguo na mabegi ya safari, mwaka 2014. Huyo ndiye aliyenitia moyo zaidi, maana hata yeye hakutokea kwenye cherehani.

Ila nilipomaliza kusoma nikaona wote hao wanamuuzia zaidi mtu anayetoka nje kwa hiari yake. Anapanda mlima Jumamosi, Jumapili yuko nyumbani anaangalia picha. Hapa kwetu mtu aliye nje saa kumi na moja alfajiri hajatoka kutembea. Ni bodaboda, ni mlinzi anayemaliza zamu, ni mama anayewahi viazi Uyole, ni utingo aliyelala kwenye lori foleni ya Tunduma. Hata Kilimanjaro, wengi walio mlimani ni wagumu wanaobeba mizigo ya wageni, na kuna mradi, KPAP, unaowaazima nguo za kupandia kwa sababu wengi hawana uwezo wa kuzinunua. Watalii wa kwetu wapo, wanakuja ziwa Ngozi, wanapanda Rungwe, wanafika Kitulo kuangalia okidi kati ya Desemba na Aprili. Ni wachache. Ningewategemea hao ningekuwa nimeshafunga.

Kwa hiyo nikanunua belo la makoti Mwanjelwa. Nikamtafuta fundi mzee ambaye alishashona suti za watu wazito wa mji huu enzi za Kaunda suti, nikamwekea makoti mezani na pakiti ya nyembe. Nikamwambia tuyafumue yote, mshono kwa mshono, tuone yametengenezwaje na yamefia wapi. Aliniangalia kwa muda. "Mwanangu," akasema, "umeniita kushona au kuchinja?"

Tulichinja. Sijawahi kuhudhuria mafunzo yaliyonifaa kama yale. Ndani ya koti la mvua lililokwenda umri utakuta utando unabanduka kama magamba, au unanatanata vidoleni. Ule ni utando wa poliurethani, na unyevu unauvunja taratibu hata koti likiwa limekunjwa stoo bila kuvaliwa. Nje koti linang'aa, nembo iko pale pale, zipu inateleza, na mnunuzi anatoa shilingi 20,000 kwa furaha. Mvua ya kwanza ya Tukuyu inamlowanisha mpaka fulana. Huo ndio ulikuwa mwanya wangu. Kwa joto mitumba haishindiki: sweta zito, koti la manyoya, jaketi la sponji, vyote vinapatikana kwa bei ambayo mimi hata kitambaa sinunui. Kwa kuzuia maji, mengi ya yale makoti yameshakufa kabla ya belo kufunguliwa.

Vitambaa vya maana tunavitoa Kariakoo au tunaagiza China. Lebo zinaandika namba, 5,000 au 10,000. Maana yake ni milimita za kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla ya kuvuja, yaani hiyo ya pili ni sawa na kusimamisha mita 10 za maji juu yake. Sina mashine ya kupimia, na namba za Kariakoo siziamini sana. Mzee anafunga kipande cha kitambaa kwenye mdomo wa ndoo, kikilegea katikati kama bakuli, anamimina maji, anaweka karatasi ya choo chini, tunakwenda kunywa chai. Tukirudi karatasi ikiwa imelowa, robota zima linarudi kwa mwenyewe.

Kitambaa kikishinda, kinabaki kisa cha sindano. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Viwandani huziba mishono kwa tepu inayogandishwa na mashine ya hewa moto, mashine ambayo mtaji wangu haukuifikia. Mzee akasema tatizo kubwa liko begani, ndipo mvua inapopiga na ndipo mkanda wa begi unapokandamiza. Akachukua chaki, akausogeza mshono wa bega mbele mpaka karibu na kifua, ili juu ya bega pabaki kitambaa kizima kisicho na tundu. Mishono iliyobaki tukaikunja mara mbili na kuipiga kama ile ya jinzi. Mimi nilikuwa na programu ya kuchorea nguo kwenye laptopu, nimeilipia kwa dola. Haikunionyesha hilo.

Tulijaribu pia pamba iliyopakwa nta, wanavyofanya Waingereza tangu zamani, ila yetu ilikuwa nta ya nyuki. Nta ya Chunya ni nzuri kupita kiasi, na koti lile lilizuia mvua barabara. Kilichotushinda ni kiangazi. Vumbi lote la mtaani liliganda juu yake, na bodaboda aliyekuwa analijaribu akalirudisha, mkewe kamwambia ananuka mshumaa.

Tulipopanga fremu Soweto, mtaa wa hapa Mbeya, nikaandika kibao cha jina la makoti yetu kwa herufi kubwa, na chini kwa herufi ndogo: tunatengeneza zipu. Watu walisoma herufi ndogo. Wiki za mwanzo foleni yote ilikuwa ya zipu, na vijana wangu wakaanza kunung'unika kwamba tumekuwa mafundi wa mtaani. Mimi niliona kitu ninachokifahamu. Kwenye mtandao wa simu, kila hitilafu inaandikwa: imetokea wapi, saa ngapi, chanzo nini, imechukua muda gani kurekebishwa. Ukisoma orodha hiyo kwa utulivu utajua pa kuweka fedha kuliko mkutano wowote utakavyokuambia. Nikanunua daftari kubwa la kaunta. Kila koti linaloingia tunaandika kilichoharibika, mwenye koti anafanya kazi gani, na kama atakubali, tunamchukua vipimo vya mkono, kifua na mgongo.

Daftari lile limechora makoti yetu kuliko mimi. Zipu ndiyo iliyojaa kurasa, na karibu kila mara meno ni mazima, kilichokufa ni kichwa. Vumbi linaingia ndani ya kichwa, linakisaga, kinapanuka kidogo kisichoonekana kwa macho, halafu meno hayashikani. Ukikiminya kwa plaizi pande zote mbili kwa mkono mwepesi, zipu inarudi kufanya kazi miezi kadhaa; ukipaka mshumaa kwenye meno, zaidi. Mteja analipa shilingi 2,000 anaondoka amefurahi, mwingine anakasirika kwa nini tumemtoza kwa kazi ya dakika moja. Tukaacha zile zipu laini za uzi uliojiviringisha, tukahamia zenye meno makubwa ya plastiki, maana vumbi halizisumbui sana, na kichwa tunachagua kinachobadilishika bila kufumua koti.

Halafu kulikuwa na makoti yaliyochakaa mgongoni, kola kwa nyuma imelika kama imekwanguliwa na kidevu. Nilisumbuka nayo mpaka niliposimama Kabwe alfajiri nikaangalia bodaboda wanavyovaa. Wanageuza. Zipu inakaa mgongoni, mgongo wa koti unakaa kifuani, kwa sababu upepo wa pikipiki unapenya kwenye zipu na kumpiga mtu kwenye kifua. Wote tumewaona wamevaa hivyo miaka yote, na sikuwahi kujiuliza. Koti letu la bodaboda sasa halina zipu mbele. Inapita ubavuni, chini yake kuna ulimi mpana wa kitambaa, mikono ni mirefu kuliko kawaida ili ukishika usukani isipande, na kola ni ya juu. Ndilo linalotoka kuliko yote.

Kwa wachuma chai wa Rungwe nilikwenda na koti, nikarudi na sketi. Nilijiandaa kuwaeleza habari ya mabega na mishono. Mama mmoja alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akanishika mkono akanipitisha katikati ya mistari ya chai asubuhi ile, hatua chache tu. Nilitoka nimelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, juu mkavu kabisa. "Mvua ya juu tunaizoea, mama," akaniambia. "Maji yanayotuumiza yamelala kwenye majani." Wao hujifunga nailoni ya kukata, inayochanika na kuwatoa jasho. Tukashona sketi ya kufunga kiunoni, wazi nyuma ili hewa iingie, yenye kitambaa cha pili kwenye mapaja ambapo matawi yanakwaruza. Nilipowapelekea walisema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kisha wakaanza kupunguza bei bila huruma.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua kufikia 2019, na rafiki zangu wa Dar wakanipigia kunipongeza kana kwamba nimeshinda bahati nasibu. Sikushangilia. Marekani ikatishia nafasi za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru ule. Belo zikaendelea kufunguliwa Mwanjelwa kama kawaida. Nasema wazi kwamba biashara inayosubiri mshindani wake apigwe marufuku si biashara ninayoitaka, na zaidi ya hapo, mitumba ndiyo iliyosomesha karakana yangu. Kila belo jipya bado tunanunua machache ya kuchinja.

Kuhusu cheo: vitu vingi nilivyovifahamu nikiwa mkurugenzi vilikaa kabatini. Kilichofaa ni kujua kusoma mzunguko wa fedha, kuandika vipimo ambavyo muuzaji wa Guangzhou hawezi kuvitafsiri atakavyo, na lile daftari. Kilichosumbua ni cheo chenyewe. Mabinti waliotoka chuo cha ufundi cha VETA walikuwa wananiitikia "ndiyo madamu" hata ninapoelekeza kitu ambacho mikono yao inajua hakiwezekani. Kwetu huku mdogo hamkosoi mkubwa usoni, na sikutaka kuwafundisha ukosefu wa adabu. Tukakubaliana kwamba mwenye wasiwasi anampelekea mzee, mzee anazungumza nami pembeni. Anaanza kwa kuuliza habari za mama yangu Tukuyu, anafika kwenye mvua, ndipo anafika kwenye mkono wa koti. Inachukua muda. Mpaka leo ndiyo njia inayofanya kazi.

Fedha ndiyo ilinikondesha. Oda kubwa inavutia: taasisi inataka makoti ya walinzi wote, unasaini, unanunua kitambaa, unawalipa vijana, unapeleka mzigo, unatoa risiti ya EFD, mashine ya mamlaka ya kodi, kodi inaanza kuhesabika, halafu unaanza kuzungushwa. Mhasibu yuko semina. Faili liko kwa mkuu. Mkuu amehamishwa. Kampuni ya simu inaweza kukaa na madeni ya namna hiyo, karakana ya Soweto haiwezi, na riba ya mikopo ya mtaani, kausha damu, sote tunaifahamu.

Nikakumbuka kilichojenga kampuni za simu nchi hii. Ni vocha. Mtu alilipa kabla ya kuongea, kidogo kidogo, kwa kadiri ya mfuko wake, na kampuni haikumdai mtu. Tukaweka utaratibu huo kwenye makoti. Taasisi inatanguliza nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Nyingi zimekataa, na zilizokubali zinatutosha. Bodaboda na walinzi wanapimwa mwanzoni mwa mwaka, kila mmoja anatuma kwa simu anachoweza, 3,000 leo, 5,000 wiki ijayo, na ujumbe unamrudia ukimwonyesha bado kiasi gani. Koti la shilingi 65,000, ambalo hakuna hata mmoja angelitoa kwa mkupuo, linakuwa limelipwa kabla ya Juni, na mimi nanunua kitambaa kwa fedha isiyo na riba.

Nilipokwenda kuwaeleza bodaboda wa Mafiati mpango huo nilitegemea waniulize kama nitatoroka na fedha zao, na jibu nilikuwa nalo, limeandikwa na kugongwa muhuri. Aliyenyoosha mkono kwanza alikuwa na swali lingine. "Sasa injinia, umenipima Februari. Na nikinenepa?"

Mzee alinitangulia kujibu. Kwenye mshono wa ubavuni tunaacha inchi moja ya akiba kila upande, akasema, na kuifungua ni bure. Akizidi hapo, kitambaa atalipia mwenyewe.